SIKU YA KUNGOJA NI SIKU YA KAZI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Mombasa, juu ya kuileta mashua kutoka Lamu)



Mmetuita sisi wanne tueleze jinsi tulivyoileta mashua ya wanachama kutoka Lamu mpaka Mombasa mwezi wa Januari 2024. Tumepatana mmoja wetu asome, lakini maneno ni ya wote wanne, kwa hiyo tutasema "sisi" tangu mwanzo hata mwisho. Tulipofanya vema ni sisi, na tulipokosa ni sisi vile vile.

Mnajua jinsi mashua hii ilivyopatikana. Wenzetu watatu walipoachishwa kazi, wanachama kumi na wanane walitoa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, hata ikapatikana fedha ya kununua chombo cha kuvulia samaki, ili wenzetu wapate riziki. Mashua ilikuwa Lamu. Ilijengwa Matondoni, urefu wake futi 26, ina mlingoti mmoja na tanga moja, wala haina mashine. Fedha yote ilikwisha katika kuinunua. Ikivunjika juu ya mwamba, hakuna ya pili. Tena ndani yake wangekuwamo watu saba. Basi hayo ndiyo tuliyokabidhiwa: jasho la watu kumi na wanane, na roho za watu saba.

Wengine mliuliza kwa nini tusiilete kwa nchi kavu. Reli haifiki Lamu. Kwa lori, ingebidi kwanza kuivusha mashua hata Mokowe, kisha kutafuta watu na vyombo vya kuinyanyua, na bei tuliyotajiwa ilitushinda. Tena mbao za mashua zikikauka juani na kutikiswa njia nzima, mishono yake hufunguka. Chombo cha maji hupenda maji. Tukaamua kupita baharini.

Sasa tueleze mipango, maana huenda siku moja tawi jingine likataka kufanya kama sisi.

Sisi watu wa reli tumezoea ratiba ya karatasi. Bahari nayo ina ratiba yake, ila imeandikwa na saa tatu: saa ya upepo, saa ya maji, na saa ya mwanga. Mtu akitazama moja akazisahau mbili, amepotea.

Kwanza ni upepo. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, na tangu mwezi wa Aprili au Mei hata Oktoba huvuma kusi. Njia ya kutoka Lamu kwenda Mombasa yaelekea kusini-magharibi, kwa hiyo kaskazi hukusukuma kwa nyuma. Atakayeondoka Lamu mwezi wa Julai itambidi kubisha njia nzima, akienda huku na huku kama mtu apandaye mlima kwa kuzunguka. Wazee wetu wa pwani waliifuata saa hii miaka mingi, na majahazi ya Arabuni yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Hata Vasco da Gama, alipofika Malindi mwaka 1498, alichukua rubani hapo kabla ya kuthubutu kuvuka kwenda Bara Hindi, akaondoka mwezi wa Aprili majira yalipokuwa yakigeuka. Ndiyo sababu tuliomba livu zetu mwezi wa Januari, wala si wakati mwingine.

Pamoja na upepo kuna mkondo. Kutoka kusini hata pande za Malindi, mkondo wa pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huwa na nguvu, na wakati wa kaskazi hupungua lakini haufi. Kutoka Lamu kushuka hata Malindi, wakati wa kaskazi, maji hushuka kusini pamoja nawe. Maana yake ni hii: nusu ya kwanza ya safari upepo na mkondo vyote viwili ni rafiki, na nusu ya pili upepo wakusukuma huku mkondo wakurudisha. Mashua yetu huenda kama maili 4 kwa saa kwa upepo wa kiasi. Kwa hiyo kutoka Malindi kwenda kusini tulihesabu maili 3 tu.

Pili ni maji. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji makuu na maji madogo ni meta 3 na zaidi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa kama saa nne. Asiye na jedwali la maji na azikumbuke saa hizi, zitamfaa. Milango ya Lamu na Kipini ina mafungu ya mchanga. Maji yakipwa, fungu huwa karibu, na mawimbi yaingiayo yakikutana na maji yatokayo hupasuka juu yake.

Tatu ni mwanga. Kanuni aliyotupa nahodha ni hii: waweza kuondoka gizani kama huna budi, lakini usifike gizani. Mwamba hauna taa.

Tukachukua ramani tukapima. Kutoka mlango wa Lamu mpaka Ras Ngomeni ni kama maili 58 za baharini, Ngomeni mpaka Malindi maili 15, Malindi mpaka Kilifi maili 30, na Kilifi mpaka Mombasa karibu maili 30. Jumla ni maili 130 na kidogo. Kwa maili 4 kwa saa, maili 58 za kwanza ni saa kumi na nne na nusu, zaidi ya mchana mmoja. Ndipo tukapanga hivi: tuondoke Lamu siku ya mwezi mpevu, saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa. Mwezi utachomoza jua likizama na kutuangazia usiku kucha, na tutakuwa mbele ya Ngomeni asubuhi. Tulipeleka majina na vitambulisho vyetu mapema. Pale Ngomeni yapasa kukaa mbali na yale majukwaa ya chuma yasimamayo baharini, ambayo Waitalia walirushia setilaiti tangu 1967 hata 1988.

Tulikuwa na livu ya siku kumi. Safari yenyewe kwa hesabu ni siku tano. Siku tano zilizobaki tuliziandika "za kungoja". Tuliziandika kwa kalamu, ndugu, lakini hatukuziandika moyoni. Hapo ndipo penye kosa letu, nasi tutalieleza.

Chombo tulikiandaa vizuri. Kilipandishwa ufukweni, kikatiwa kalafati upya, kikapakwa mafuta. Tuliweka nanga mbili, kamba ya akiba, dira, bildi ya kupimia kina, ndoo tatu za kufulia maji, kurunzi mbili, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu, si sita wala tano. Maji ya kunywa tulihesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani lita 28 kwa watu saba, tukachukua madumu matano ya lita 20. Chakula kilikuwa unga, maharagwe, tende na ndimu, na jiko la makaa juu ya sanduku la mchanga. Na Mombasa tulimwacha mwenzetu mmoja na karatasi ya safari. Kila jioni tungempigia simu, kama stesheni impashavyo habari mwenzake wa mbele kwamba treni imefika. Ikipita saa tatu usiku bila simu, yeye atawaarifu Walinzi wa Pwani, kile kikosi kilichoanzishwa mwaka 2018. Mpango huu haugharimu kitu, na kila chombo chapaswa kuwa nao.

Sasa watu. Miongoni mwetu wamo dereva mmoja, shanta mmoja na mafundi wawili wa karakana. Wote twajua kuogelea, lakini hakuna aliye baharia. Tukamwajiri nahodha mmoja mzee wa Lamu, na mabaharia wawili vijana. Tukapatana bei ya safari yote, kwa mdomo, tukapeana mikono. Hapo, ndugu, bila kujua, sisi watu wa chama tulikuwa tumekwisha kuwa mabwana wa kazi.

Siku ya mwezi mpevu ilipofika, kaskazi ilivuma kwa nguvu kuliko kiasi. Kutoka Shela tuliona mlango wa bahari umekuwa mweupe. Nahodha alisimama akatazama, kisha akasema, "Leo haitoki." Kesho yake upepo ulikuwa ule ule. Akasema, "Leo vile vile."

Sisi tukaanza kuhesabu. Kila siku maji yachelewa dakika 50. Siku ya tatu maji yatajaa karibu na magharibi, tutatoka mlangoni gizani, na mpango wetu wa mwezi umevunjika. Tukaona siku zetu za livu zayeyuka kama barafu sokoni. Basi jioni ya siku ya pili tukamwendea nahodha barazani. Mmoja wetu akasema, na kwa kuwa sisi wengine tulinyamaza, sote tulisema: kwamba mapatano yetu yalikuwa ya safari, si ya siku, na siku za kukaa bandarini hazimo. Kisha tukaongeza neno baya zaidi, kwamba kama watatweka tanga jioni ile ile, tutawaongeza kitu juu ya bei.

Yule mzee hakukasirika. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Wanangu, nimesikia ninyi ni watu wa chama cha wafanyakazi wa reli. Mkubwa wenu akiwaambia mwendeshe treni na njia haijafunguliwa, naye atawaongeza kitu, hufanyaje?"

Hakuna aliyejibu. Dereva wetu alitazama chini. Kila mtu wa reli ajua kwamba treni haiondoki bila ruhusa ya njia. Hata abiria wapige kelele, hata mkubwa awe na haraka, dereva hana ruhusa basi hana njia. Tena treni ikisimama stesheni kungoja nyingine ipite, dereva na gadi hawakatwi mshahara kwa saa walizosimama. Watu waliotutangulia katika chama waligombania mambo haya miaka mingi. Na sisi, siku ya pili tu ya kuwa mabwana, tulikuwa tumefanya mambo mawili ambayo tungeyapinga kwa mgomo: kuwanyima watu ujira wa kungoja, na kununua hatari kwa fedha.

Usiku ule hatukulala mapema. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Paulo katika merikebu iendayo Rumi, jinsi alivyoonya wangoje majira ya baridi yapite, lakini akida akamsikiliza mwenye chombo, na merikebu ikavunjika. Tulipokuwa watoto tulimcheka yule mwenye chombo. Sasa tulimwona ni nani: ni mtu mwenye siku kumi za livu.

Kulipokucha tulimrudia nahodha, tukaomba radhi, tukamlipa yeye na vijana wake siku mbili za kungoja, mkononi, kabla ya neno jingine. Tukasema tangu sasa twalipa kwa siku, kama tanga limetwekwa au halikutwekwa, na neno la kuondoka ni lake peke yake. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Angalieni kilichofuata. Siku mbili zile vijana walikuwa wamekaa kivulini, na tusiwalaumu, maana mtu asiyelipwa hana kazi. Asubuhi ile, walipojua kwamba siku ya kungoja ni siku ya kazi, waliteremka chomboni wenyewe, wakashusha foromali, wakakagua kila kamba. Wakatuletea jarari, kamba ya kutwekea tanga. Pale inapopita katika kapi ilikuwa imelika hata nyuzi zake zimebaki kama theluthi moja. Kwa nje ilionekana nzima. Kama tungetoka jioni ile tuliyotaka sisi, kamba ile ndiyo ingekuwa imeshika tanga letu juu ya fungu, gizani, na upepo mkali. Hatuna haja ya kueleza zaidi.

Na nahodha naye, kwa kuwa hakuna tena aliyemsukuma, alikaa akafikiri, akatupatia mpango mwingine. Akasema, mmetazama maji ya jioni tu, mbona yapo ya asubuhi? Kesho maji yatajaa kabla ya jua, basi tutatoka kunapopambazuka, tukilala njiani Kipini badala ya kusafiri usiku. Mpango wake uliongeza siku moja na kuondoa usiku mzima wa hatari. Sisi na ramani yetu hatukuuona.

Upepo ulitulia usiku ule. Tukatoka mlangoni alfajiri, maji ndiyo kwanza yanaanza kupwa, bahari ina mawimbi marefu lakini hayapasuki. Saa saba mchana tulikuwa mbele ya Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini. Maji yalikuwa madogo. Nahodha akatia nanga nje, tukangoja saa tatu mpaka maji yakaanza kuwa makubwa, ndipo tukaingia kwa kupima na bildi. Kesho yake tukaivuka Ghuba ya Ungwana mchana kweupe, tukafika Ngomeni saa tisa. Siku ya tatu ilikuwa fupi, mpaka Malindi. Siku ya nne, Malindi kwenda Kilifi, mkondo ulitupiga kama tulivyohesabu: maili 30 zilitwaa saa kumi na nusu. Kuusimamia usukani tulifanya zamu za saa mbili mbili, na aliyetoka zamu hakuruhusiwa kufanya kazi ila kulala au kula.

Kilifi nahodha alisema macho yake yamechoka kwa mng'ao wa maji, na mlango wa Mombasa una meli kubwa, kwa hiyo atapumzika siku moja. Hakuna aliyefungua kinywa. Tulimlipa siku ile kama siku nyingine, na vijana wakashona tanga mahali lilipoanza kuchanika. Siku iliyofuata, saa kumi na moja jioni, tuliipita Fort Jesus tukaingia Bandari ya Kale, watu saba, chombo kizima. Wenzetu watatu walikuwa wamesimama ngazini wanatungoja. Tulibakiwa na siku moja ya livu.

Sasa, ndugu, hatukuja kuwasimulia hadithi tu. Mashua hii ikianza kuvua itahitaji watu wa kusaidia, na watu hao watakuwa waajiriwa wetu. Kwa hiyo sisi wanne twaomba mkutano huu uyaandike haya katika kanuni za mashua leo hii:

Kwanza, mapatano na kila mfanyakazi yawe kwa maandishi, yakitaja ujira, chakula, na nauli ya kurudi kwao.

Pili, siku ya kungoja upepo au maji ilipwe sawa na siku ya kwenda baharini.

Tatu, neno la nahodha la kutoondoka lisipingwe na mwenye fedha, wala lisinunuliwe.

Nne, kila aliyemo chomboni awe na jaketi lake, na pawe na mtu wa nchi kavu mwenye habari ya safari.

Tano, baharia yeyote, hata kijana wa mwisho, akiona kamba mbovu asimamishe kazi bila kuogopa.

Huenda wengine mkasema kanuni hizi zitapunguza faida. Ni kweli, zitapunguza kidogo. Sisi tulilipa siku tatu za kungoja, na fedha ile ilituuma. Lakini kwa siku ya kwanza tuliyoilipa kwa moyo tulipata kamba mbovu na mpango mwema, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyoileta mashua yenu hapa. Tena tukidai haki kwa walio juu yetu na kuwanyima walio chini yetu, watatuuliza swali lile la mzee wa Lamu, nasi hatutakuwa na jibu.

Bwana Mwenyekiti, tunaliweka jambo hili mbele ya mkutano, lipigiwe kura.